Kabureta ya jenereta na pikipiki hapa Goma: maswali ambayo wateja hawachoki kuniuliza

Meza yangu ya kazi iko Goma. Zinanifikia jenereta ndogo, pampu za maji, vinu vya kusagia mihogo, pikipiki za motari (bodaboda), mara mojamoja msumeno wa mbao kutoka Masisi. Karibu kila mtu akifika huwa ameshazungusha skrubu. Ukimuuliza kwa nini, anajibu: "Fundi, ndiyo niliyoiona." Ukurasa huu nimeuandikia yeye.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Nitaandika *esansi* tangu mwanzo hadi mwisho, maana kwetu Kongo petroli ni mafuta ya taa. Msomaji wa Mwanza au Mombasa akisema petroli anamaanisha esansi yetu. Kijana mmoja alisoma maelekezo ya huko, akaenda kununua petroli ya hapa Goma, akajaza tangi. Alivuta kamba ya jenereta hadi bega likavimba.

Kabureta inafanya kazi gani hasa?

Inachanganya hewa na esansi kwa kipimo. Pistoni ikishuka inavuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikifika penye ubano inakwenda mbio, na ikienda mbio msukumo wake unashuka, hapo esansi inanyonywa kutoka bakuli la chini, inapita kwenye jikleri (kipande cha shaba chenye tundu, wengine wanakiita jeti) na kutawanyika kama marashi. Kwa uzani, gramu 1 ya esansi inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini ikibeba mzigo inapenda esansi izidi kidogo, gramu 1 kwa 12 au 13 za hewa.

Ndani ya bakuli mna flotere, yaani boya, linalofanya kazi kama lile la tangi la choo: esansi ikipanda, boya linapanda na kusukuma sindano inayofunga mlango. Ikishuka, mlango unafunguka.

Sasa shika hili, kwa sababu majibu mengi ya chini yanalitegemea: esansi ina njia mbili. Njia kubwa ni ya kazi nzito. Njia ndogo ni ya ralanti, injini inaponguruma bila mzigo. Jikleri ya ralanti kwenye injini hizi ndogo ina tundu lisilofika nusu milimita. Ndiyo inayoziba kwanza.

Injini imekataa kuwaka. Nifungue kabureta?

Bado. Anza na vitu visivyohitaji kle (spana).

Bomba la esansi limefunguliwa? Usicheke, wapo. Legeza kifuniko cha tangi kisha jaribu tena: kifuniko kina kitundu cha kupumulia, na vumbi letu likikiziba, esansi haishuki kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Injini inawaka dakika chache, inazima, unangoja, inawaka tena. Nimeona watu wakinunua kabureta mpya kwa ajili ya kitundu hicho.

Halafu angalia oili, na angalia jenereta imekaaje. Injini nyingi za aina ya Honda GX na zile zilizoiga muundo wake zina kifaa kinachokata moto wa bujii (plagi) oili ikipungua. Goma hatuna uwanja wa sawasawa, tunaishi juu ya mawe ya volkano. Jenereta ikiinama, oili inakimbilia upande mmoja na kile kifaa kinaamini oili imekwisha. Weka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, inyooke, vuta kamba.

Baada ya hapo toa bujii. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, esansi haifiki. Ikiwa imelowa na inanuka, esansi inafika ila haiungui, basi tafuta shida kwenye moto. Isafishe na upime mwanya wake. Kwa injini hizo za GX ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Mwisho kabisa, legeza kidogo ile skrubu ya kumwagia chini ya bakuli, chombo kikiwa tayari. Esansi ikitoka mfululizo, bakuli linajaa na tatizo liko mbele zaidi, kwenye jikleri. Isipotoka kitu, shida ni bomba, kichujio cha tangi au sindano iliyonata. Sasa unaweza kuchukua kle.

Kwa nini jenereta inapanda na kushuka sauti, vuuu… vuuu… vuuu?

Hili ndilo swali namba moja hapa kwangu, na mara nyingi jibu lake ni ile jikleri ya ralanti.

Jenereta ina gavana, mkono unaofungua na kufunga koo ili mwendo usibadilike. Bila mzigo, koo linakuwa karibu limefungwa na injini inategemea njia ndogo. Njia hiyo ikiziba nusu, injini inakosa esansi, mwendo unashuka. Gavana anashtuka, anafungua koo, injini inapata esansi kutoka njia kubwa, mwendo unaruka. Gavana anafunga. Wanafukuzana hivyo usiku kucha na taa za nyumbani zinapepesa.

Kuna jaribio la haraka. Vuta starteri (chok, kile kibati kinachobana hewa) nusu, injini ikiwa imepata moto. Kelele ikitulia, ujue esansi ilikuwa haitoshi. Washa vitu viwili vitatu vya umeme; ikitulia ukiipa mzigo, uhakika unazidi.

Ila usisahau hewa ya wizi. Gasketi kati ya kabureta na injini ikipasuka, hewa inaingia bila kupita kwenye kipimo, na dalili zinafanana kabisa. Paka oili nyepesi kwa brashi pale kwenye maungio injini ikinguruma. Sauti ikibadilika, umemkamata mwizi.

Nionyeshe namna ya kuifungua na kuisafisha mwenyewe.

Haya. Ninachukua kabureta ya jenereta ya kawaida, ile ya injini ya GX au mfano wake. Ya pikipiki inatofautiana sura, ila wazo ni lilelile.

Injini ipoe kwanza. Toka nje, mbali na mbabula ya mama anayepika maharagwe. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama nyoka na moto unaufuata hadi ulipo wewe. Funga bomba la tangi, mwaga esansi ya bakuli kwenye chupa.

Tandika kitambaa cheupe juu ya sinia. Nasema sinia kwa sababu nimewahi kuangusha jikleri kwenye changarawe yetu nyeusi, nikaitafuta kwa magoti hadi jua likazama. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, hasa springi za gavana na matundu zinamoshikwa. Springi ikirudi kwenye tundu lisilo lake, injini itapiga mbio kama mwenda wazimu.

Toa boksi la filta ya hewa, nati zake ni za kle namba 10. Kabureta inateleza nje juu ya boliti mbili ndefu. Angalia gasketi zilivyopangwa, ipi mbele na ipi nyuma, maana hazifanani, na ukigeuza moja inaweza kuziba njia ya hewa.

Chini ya bakuli kuna boliti moja, namba 10 tena. Bakuli likitoka, chungulia ndani kabla ya kumwaga. Mapovu yanayong'aa chini kama shanga ni maji. Unga mwekundu ni kutu ya tangi. Ute wa rangi ya chai ni esansi iliyozeeka. Kila kimoja kinakuambia wapi pa kurudi baadaye. Ukisafisha kabureta na kuacha tangi lina kutu, tutaonana wiki ijayo.

Sukuma pini ya flotere, boya litoke pamoja na sindano. Angalia ncha ya sindano: ikiwa na pete iliyochimbika kuizunguka, haifungi tena, ibadilishe. Tikisa boya masikioni. Ukisikia esansi ikicheza ndani, limetoboka.

Katikati ya mnara (ile nguzo iliyosimama mahali pa bakuli), ndani, iko jikleri kubwa. Tafuta bisibisi inayojaza ufa wake sawasawa. Shaba ni laini, bisibisi ndogo itaumeza ule ufa na utabaki unalia. Nyuma ya jikleri kuna mrija wenye vitundu ubavuni. Geuza kabureta, utaanguka wenyewe. Vitundu hivyo vyote viwe wazi. Jikleri ya ralanti iko juu, imezuiwa na skrubu ya ralanti. Toa skrubu hiyo, kisha ing'oe taratibu, ina kipete cha mpira.

Sasa neno ambalo ningeliandika ukutani kama ningekuwa na ukuta: *usichokonoe jikleri kwa waya wa chuma.* Wala sindano ya kushonea, wala waya wa breki. Tundu limepimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ukilikwaruza linapanuka na injini itakunywa esansi maisha yake yote. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye kebo laini ya umeme, au unywele wa brashi. Loweka vipande vya shaba kwenye dawa ya kusafishia kabureta, au katika esansi safi kama dawa hakuna, vipige upepo, viinue kuelekea jua. Tundu linapaswa kuonekana duara kamili. Likionekana kama mwezi mchanga, bado.

Fundi wa matairi mwenye kompresa atakupulizia kabureta yote kwa bei ndogo. Puliza kila tundu unaloliona, hata dogo namna gani, na ufumbe macho au uvae miwani. Vitu vya mpira na plastiki visiingie kwenye dawa, vinavimba.

Rudisha kwa kufuata picha. Fungua bomba, ngoja dakika mbili, chungulia chini. Isipovuja, vuta kamba.

Ile skrubu ya mchanganyiko, nizungushe mara ngapi?

Kama hujasafisha, mara sifuri.

Kama umesafisha: kabla ya kuitoa, ifunge polepole ukihesabu mizunguko hadi iguse tu, uandike. Usiikaze, ncha yake ni nyembamba. Hesabu hiyo ndiyo nyumbani kwako. Ukiwa umeipoteza, anza na mzunguko mmoja na nusu nje. Pikipiki nyingi ndogo zinakaa kati ya hapo na miwili na nusu. Washa injini ipate moto kwa dakika kumi, kisha geuza robo robo, ukisikiliza. Tafuta pale ambapo sauti iko juu zaidi na imetulia. Halafu shusha ralanti kwa skrubu nyingine, ile ya mwendo. Pikipiki ya 125 au 150 inaridhika kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika.

Mtego uko hapa. Skrubu iliyo upande wa injini inapima esansi: ukiilegeza, mchanganyiko unanenepa, yaani esansi inazidi. Iliyo upande wa filta inapima hewa: ukiilegeza, mchanganyiko unakonda, yaani hewa inazidi. Mafundi wawili wanaweza kugombana siku nzima, kila mmoja na haki yake, kwa sababu kila mmoja anazungumzia pikipiki nyingine.

Na jenereta nyingi za sasa zina skrubu iliyofungwa kofia kiwandani. Iache.

Je, kweli Goma injini inakunywa zaidi kwa sababu ya mwinuko?

Kweli, ingawa si kwa kiasi watu wanachodai.

Goma iko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, Bukavu karibu hivyohivyo, Lubumbashi kama 1,200. Kwenye mita 1,500 msukumo wa hewa ni karibu asilimia 85 ya ule wa pwani. Kabureta haijui umehama. Inaendelea kutoa esansi ya pwani kwa hewa ya mlimani, mchanganyiko unanenepa, bujii inakuwa nyeusi.

Nguvu nayo inapungua. Vitabu vya injini za Honda vinasema kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300, hata ukishabadili jikleri. Piga hesabu: mita 1,500 ni 300 mara tano, zaidi ya asilimia 17. Jenereta iliyoandikwa wati 2,000 hapa uitegemee kwa wati 1,600 na kidogo. Mama mmoja aliniambia nimemwibia nguvu ya mashine yake. Nilimwonyesha mlima, hakucheka.

Vitabu hivyohivyo vinashauri jikleri ndogo zaidi kwa wanaofanya kazi juu ya mita 1,500. Yaani Goma tumekaa juu ya mstari wenyewe. Hapa mjini mimi sibadili, isipokuwa filta ni safi, starteri inafunguka yote, na bujii bado ni masizi matupu. Kwa wateja wa vilima vya Masisi, wanaopita mita 2,000, ninabadili bila kusita. Kwenye pikipiki ambayo sindano ya koo (si ile ya flotere) ina kipini kinachohamishwa ngazi kwa ngazi, kupandisha kipini ngazi moja kunashusha sindano na kukondesha mchanganyiko wa mwendo wa kati. Mara nyingi inatosha.

Nimebadilishiwa jikleri hapa, sasa napeleka mashine Kisangani.

Rudisha ya zamani kabla hujaondoka. Kisangani iko kwenye mita kama 400, hewa ni nzito, na jikleri ya mlimani itaikondesha injini hadi ichemke. Nilipokuwa bado kijana kwenye kazi nilimbadilishia mteja jikleri ya pampu, hakuniambia anashuka nayo Walikale, nami sikuuliza. Ilirudi na valvu ya moshi imeungua. Nililipa mimi. Tangu siku hiyo jikleri ya zamani naifunga kwenye kimfuko cha plastiki na kuining'iniza kwenye mpini wa mashine.

Esansi ya kadhafi, muuzaji wa barabarani, ni mbaya?

Wauzaji wa barabarani si wabaya wote, na saa nne za usiku utanunua wapi? Pima tu. Mimina kidogo kwenye chupa isiyo na rangi, iache robo saa. Maji yatakaa chini, yamejitenga. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi inakauka bila kuacha kitu, ikiwa imechanganywa na petroli ya taa au mazutu (dizeli) inabaki doa la mafuta. Mimina tangini kupitia chujio la nyavu laini, si kitambaa cha pamba kinachoacha nyuzi.

Esansi inavuja chini ya kabureta.

Sindano haifungi: uchafu, au imechakaa. Gonga bakuli kwa mpini wa bisibisi, mara nyingine punje inatoka. Lakini kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Esansi iliyovuja usiku inaweza kuingia hadi kwenye oili, na oili yenye esansi hailindi kitu. Ikinuka, imwage, weka mpya. Na ujizoeze kufunga bomba kila unapozima.

Nikigeuza kabureta nitapata volti zaidi?

Mwendo wa jenereta unaamuliwa na gavana. Nyingi za kwetu zinazunguka mara 3,000 kwa dakika kutoa herzi 50. Ukiilazimisha mbio, volti na herzi zinapanda pamoja, na televisheni ndiyo inayolipa. Kama huna kipimo cha herzi, usimguse gavana.

Naweza kuiendesha bila filta ya hewa? Inavuta vizuri zaidi.

Inavuta vumbi vizuri zaidi, ndiyo. Vumbi la Goma ni jiwe la volkano lililosagwa, linakwangua silinda kama msasa. Sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke, itiwe oili kidogo, ikamuliwe kabisa. Motari wa barabara za Ndosho afanye hivyo kila wiki wakati wa kiangazi. Sponji iliyoziba nayo inafanya kazi ya starteri: inanenepesha mchanganyiko. Nusu ya "kabureta mbovu" zinazokuja na moshi mweusi ninaziponya kwa sabuni.

Umeme wa Matebe, ule wa mtambo wa maji, ukiwa mzuri jenereta inalala miezi. Nifanye nini?

Funga bomba, iache iungue hadi izime yenyewe, kisha mwaga kilichobaki kwenye bakuli. Esansi ikikaa inapoteza sehemu yake nyepesi na kubaki gundi, na gundi hiyo inapenda tundu dogo kuliko yote. Bora pia uiwashe mara moja kwa mwezi, na mzigo.

Msumeno wa mbao je?

Ule hauna bakuli, una ngozi nyembamba inayopiga kama moyo ili ukate hata ukiwa umeinamishwa. Skrubu ya L ni ya mwendo wa chini, H ni ya mwendo wa juu. L unaweza kuijaribu. H iache kwa anayejua: ukiikondesha, msumeno unalia vizuri kwa nusu saa, halafu pistoni inakwama, kwa sababu oili ya injini hiyo inasafiri ndani ya esansi.

Ninunue kabureta mpya?

Kama mwili umeliwa na kutu nyeupe, kama mhimili wa papiyo (kibati kinachofungua na kufunga koo) unachezacheza, au kama kuna mtu alishapanua jikleri kwa waya, nunua. Beba ya zamani, ilinganishe na mpya tundu kwa tundu pale dukani, na usome namba ya jikleri. Zinafanana nje, ndani siyo.

Moshi mweusi ukiisha, naweza kuweka jenereta kwenye korido?

Hapana. Moshi unaoua hauna rangi wala harufu. Mchanganyiko mnene unatoa mwingi zaidi, lakini hata kabureta iliyorekebishwa vizuri inatoa wa kutosha kuua watu wamelala. Mvua inyeshe, wezi wawepo: iwe nje, mbali na madirisha, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote, na mnyororo.

Nikuletee kabureta peke yake?

Leta mashine nzima, na filta yake, na chupa ya esansi uliyokuwa unaitumia. Na uniambie ukweli kuhusu ile skrubu.